Kabla Nguzo za Sola Hazijachomekwa Jirani na Bomba

Kama kuna bomba la chuma la maji, gesi au mafuta linalopita chini ya ardhi karibu na mahali panapojengwa kituo cha umeme wa jua, kuna kazi moja ambayo lazima ifanyike kabla kituo hakijawashwa: kulipima bomba. Lipimwe mchana na usiku, wiki nzima ikiwezekana, na vipimo viwekwe kwenye faili lenye sahihi za pande zote mbili. Kituo kikishawashwa, nafasi hiyo imekwenda na hairudi. Bomba likitoboka baada ya miaka mitatu, mwenye sola atasema kutu ilikuwapo tangu zamani, mwenye bomba atasema imeletwa na sola, na wanakijiji wanaotegemea maji ya bomba hilo watabaki na ndoo tupu huku mabishano yakiendelea.

Nawaandikia wahandisi wa maji wa wilaya, wakandarasi wa sola na wasimamizi wa mabomba, na pia mwananchi ambaye shamba lake limekodishwa kwa mradi wa sola na mpaka wake unagusa mkuza wa bomba, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya bomba. Kwetu Afrika Mashariki makutano haya yataongezeka. Bomba la mafuta la TAZAMA limelala ardhini tangu 1968, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia. Bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilianza kazi 2015. Kenya ina bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi la mwaka 1978, na jingine jipya lililofuata miaka arobaini baadaye. Lile la mafuta ghafi kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Upande wa pili kuna vituo vya sola: Garissa chenye megawati 50 tangu 2019, Soroti na Tororo vyenye megawati 10 kila kimoja, na sasa Kishapu mkoani Shinyanga. Sisemi kwamba kituo chochote kati ya hivi kimedhuru bomba. Ninachosema ni kwamba sola na bomba hupenda ardhi ya aina moja, tambarare, isiyo na majengo, yenye barabara ya kupitisha malori. Na laini kubwa ya umeme, ambayo kituo cha sola hakiwezi kuwa mbali nayo, mara nyingi hufuata njia ileile iliyofuatwa na bomba.

Namna chuma kinavyoliwa

Bomba la chuma la kisasa huzikwa likiwa limevikwa gamba la plastiki. Juu ya hapo hupewa kinga ya kathodi, yaani mashine inayosukuma mkondo mdogo kutoka kwenye anodi zilizozikwa, kupitia udongo, hadi kwenye bomba. Mkondo unapoingia kwenye chuma, kutu husimama. Unapotoka kwenye chuma kwenda udongoni, huondoka na chuma. Ukishika hilo moja, mengine yote yatakuwa mepesi.

Hesabu yake inajulikana tangu enzi za Faraday. Ampea 1 ikitoka kwenye chuma mwaka mzima huondoa karibu kilo 9.1 za chuma. Msomaji anaweza kudhani ampea 1 ni hitilafu kubwa ambayo haiwezi kukosa kuonekana, basi tushuke hadi sehemu yake ya elfu. Chukua tundu kwenye gamba la bomba, dogo tu, sentimeta 1 ya mraba. Miliampea 1 ikitokea hapo mfululizo huchimba milimita 11.6 za chuma kwa mwaka. Bomba lenye ukuta wa milimita 8 linatoboka kabla mwaka haujaisha. Sola haifanyi kazi usiku na mchana, kwa hiyo ihesabie saa kumi tu kwa siku: bado ni chini ya miaka miwili. Miliampea 1 ni kidogo kuliko mkondo unaowasha taa ndogo ya redio, na hakuna swichi ya kituo cha sola itakayoruka kwa ajili yake.

Hapa pana jambo linalowashangaza hata mafundi wazoefu. Gamba zuri haliondoi hatari hii, bali linaikusanya mahali pamoja. Bomba la zamani lililochakaa gamba kila mahali hutoa mkondo kidogo kidogo katika eneo pana, na huliwa polepole. Bomba jipya, safi, lenye kovu moja lililoachwa na jino la ekskaveta, hutoa mkondo wote kupitia kovu hilo. Ndiyo maana uchimbaji wa mitaro ya kebo za sola karibu na bomba ni hatari mara mbili: ekskaveta huacha kovu leo, na kebo hiyohiyo huleta mkondo kesho.

Tatizo lenyewe si geni. Mwishoni mwa karne ya 19, miji ya Marekani ilipoanza kutumia tramu za umeme, mkondo uliotakiwa kurudi kituoni kupitia reli ulivuja ardhini, ukafuata mabomba ya maji na gesi, na kuyatoboa pale ulipotokea. Miji ilitumia miongo kadhaa kupimana na kushtakiana. Kinga ya kathodi ya mabomba tunayoitumia leo ilikuja baadaye, kwa kazi ya Robert Kuhn huko New Orleans mwaka 1928. Sola imerudisha mkondo mnyoofu, ule wa kwenda upande mmoja tu kama wa betri, na imeupeleka mashambani ambako hakujawahi kupita tramu.

Mkondo unavyotoroka kwenye paneli

Katika kituo kikubwa, paneli huungwa mfululizo mpaka zifikie volti 1,000 au 1,500. Vituo vingi vya sasa haviungi upande wowote wa paneli na ardhi. Upande wa chanya huelea karibu volti 750 juu ya ardhi, na wa hasi volti 750 chini yake. Mpangilio huu ni mzuri, kwa sababu kebo ikichubuka mahali pamoja, mkondo hauna njia ya kurudi, na karibu hakuna kinachotokea.

Karibu, nasema, kwa kuwa paneli ni maelfu na kebo ni kilomita nyingi. Kila paneli huvuja kidogo, zaidi asubuhi yenye umande au baada ya mvua. Inveta, yaani mashine inayogeuza umeme wa paneli kuwa wa gridi, hupima hali hiyo kila alfajiri kabla ya kuanza kazi, na ikikuta uvujaji mkubwa hukataa kuwaka. Ikiwa kazini, huendelea kuuangalia mkondo unaotoroka. Lakini kikomo chake si kidogo. Kwa inveta zinazozidi kVA 30, kiwango cha kimataifa huruhusu miliampea 10 kwa kila kVA kabla mashine haijajizima. Inveta ya kVA 100, basi, inaweza kupoteza hadi ampea 1 na kuendelea kufanya kazi kihalali. Sehemu kubwa ya mkondo huo hurudi kupitia fremu na waya za athi, haupiti udongoni. Hata hivyo kikomo hicho kiliwekwa kuzuia moto na kulinda watu. Bomba la jirani halikuwamo katika hesabu hiyo. Mkandarasi akikuambia kituo chake hakina shida kwa sababu inveta hazijawahi kulalamika, anakuambia kweli kuhusu inveta tu.

Hatari halisi huanza na hitilafu ya pili. Panya ametafuna kebo upande wa mashariki, na kiungio kimelala kwenye matope upande wa magharibi. Sasa mkondo una pa kutokea na pa kurudia. Kama fremu zote zimeungwa vizuri kwa waya wa shaba, mkondo utapita kwenye shaba. Waya huo ukiwa umekatwa na mashine ya kufyekea, au umeibwa, udongo ndio unaobaki kuwa njia, na bomba la chuma lililolala humo ni njia nyepesi kuliko udongo, kama mtaro ulivyo kwa maji ya mvua. Mkondo utaliingia bomba upande mmoja wa shamba, utembee nalo mita mia kadhaa, na kutokea upande wa pili. Wizi wa shaba tunaujua sote. Mwenye kituo anayekagua waya za athi mara moja kwa mwaka, kwa macho tu, hajui kama bado anazo. Zipimwe kila robo mwaka, na mara tu baada ya tukio lolote la wizi, hata kama umeme bado unazalishwa vizuri.

Kuna vituo vinavyounga makusudi upande wa hasi na ardhi ili kuzuia paneli kupoteza nguvu mapema. Hapo hitilafu moja tu inatosha kupitisha mkondo ardhini, na mbaya zaidi, hitilafu kwenye waya ambao tayari umeungwa na ardhi inaweza kujificha kwa muda mrefu. Mwaka 2009, huko Bakersfield, California, paneli zilizokuwa juu ya paa ziliwaka moto kwa sababu hiyo. Hitilafu ya kwanza haikuonekana na kinga iliyokuwapo, na ya pili ilipotokea, mkondo ukawa mkubwa kupita uwezo wa waya. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye bomba kwa mwenye sola liwe hili: je, kuna upande ulioungwa na ardhi, wapi, na kupitia kifaa gani? Jirani na bomba, mimi ningesisitiza mfumo unaoelea, wenye kifaa kinachopima uvujaji muda wote, na kengele inayomfikia mtu anayejua maana yake. Kengele inayoandikwa kwenye kompyuta isiyosomwa na mtu haina kazi.

Laini ya kusafirishia umeme

Baada ya inveta, umeme huwa mkondo geu, yaani wa kwenda na kurudi, huongezwa volti kwenye transfoma, na kupelekwa kwenye gridi. Laini ya juu inayotembea sambamba na bomba kwa kilomita kadhaa huzalisha volti ndani ya bomba bila kuligusa. Volti hizo hupanda na kushuka pamoja na mkondo wa laini, kwa hiyo katika laini ya sola huwa kubwa zaidi saa sita mchana. Mkondo geu nao hula chuma, ingawa kwa muda mrefu wengi waliamini hauwezi. Imani hiyo ilivunjwa na bomba la gesi la Ujerumani lililotoboka mwaka 1986 jirani na reli ya umeme, huku kinga yake ya kathodi ikiwa inasomeka vizuri.

Namba za kushika hapa ni mbili. Volti ya mkondo geu kati ya bomba na ardhi isizidi wastani wa 15, na mkondo geu unaotoka kwenye tundu dogo usizidi ampea 30 kwa mita ya mraba. Zikizidi, dawa inajulikana: utepe wa zinki au waya wa shaba huzikwa kando ya bomba na kuunganishwa nalo kupitia kifaa kinachopitisha mkondo geu na kuzuia mkondo mnyoofu. Usikubali fundi akuunganishie moja kwa moja bila kifaa hicho. Kinga ya kathodi yote itakimbilia kwenye shaba, na bomba litabaki uchi.

Radi na shoti kwenye laini ni habari nyingine, kwa sababu hapo anayeumia ni mtu. Kwa muda mfupi sana ardhi inayozunguka nguzo hupanda volti maelfu, na bomba linaweza kuibeba volti hiyo hadi kwenye valvu iliyo mbali. Wingu la radi likionekana, hakuna mtu kushika valvu wala nguzo ya kupimia, na kazi ya bomba lililofukuliwa isimame.

Siku ya kupima

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema.

Kando ya bomba lenye kinga kuna nguzo fupi za kupimia, zenye waya uliochomelewa kwenye bomba. Unahitaji mita nzuri ya volti na elektrodi ya rejea, ambayo ni mrija wenye kipande cha shaba ndani ya maji ya bluu ya salfeti ya shaba, na kizibo chini kinachopitisha unyevu. Kwangua nyasi na kokoto juu ya bomba, mwaga maji kidogo udongo ulowe, kisha simamisha mrija hapo. Waya mmoja wa mita kwenye nguzo, mwingine kwenye mrija. Kwa bomba lenye afya, kinga ikiwa imezimwa kwa sekunde moja tu na kusomwa papo hapo, unatafuta milivolti hasi 850 au hasi zaidi. Ikisomeka hasi 600 mahali ambapo mwezi uliopita ilikuwa hasi 950, huenda kuna mkondo unaotoka. Na isikufurahishe sana ikisomeka hasi 1,400 mahali ambapo haijawahi kufika huko. Mkondo mgeni unaingia hapo, na kilichoingia kitatokea mahali. Tafuta pa kutokea.

Kusoma mara moja hakutoshi. Acha kifaa cha kurekodi kwenye nguzo kwa siku saba, kikisoma kila sekunde chache. Ukichora matokeo, mkondo wa sola huacha sura yake. Usiku wote mstari umelala. Karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, inveta zinapoamka, mstari unaanza kusogea. Unafika mbali zaidi karibu na saa sita au saa saba, wingu likipita juu ya paneli mstari unatetemeka, na jua likizama unarudi ulikokuwa. Ikiwa uvujaji unatokana na unyevu, badiliko kubwa linaweza kuonekana asubuhi na kupungua paneli zinapokauka.

Sasa usikimbilie kulaumu. Kuna vitu vitatu vinavyoweza kuchora mstari huohuo bila sola ya jirani kuhusika. Cha kwanza ni mrija wako mwenyewe. Jua likipiga kwenye kioo chake, mwanga unabadilisha usomaji kwa makumi ya milivolti, na joto linaongeza mengine. Fundi aliyeacha mrija juani kutwa nzima ataleta mchoro mzuri unaofuata jua, na mchoro huo hautakuwa na habari yoyote ya bomba. Uzike mrija, au uuzungushie utepe mweusi na kuuweka kivulini. Cha pili ni kinga ya bomba lenyewe. Maeneo mengi yasiyo na gridi huendesha kinga ya kathodi kwa sola ndogo na betri. Betri zikichakaa, kinga hufanya kazi mchana na kufa usiku, na mchoro utafuata jua kama kawaida. Cha tatu ni shughuli nyingine za mchana: karakana yenye mashine za kuchomelea, kinga ya bomba jingine linalokatiza hapo, au reli ya umeme. Treni ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma hutumia mkondo geu wa volti 25,000, na yeyote anayepima bomba jirani na reli hiyo lazima awe na ratiba ya treni mkononi.

Ukweli hutoka kwa kuzima. Omba kituo kizimwe dakika kumi na tano saa sita mchana, siku isiyo na mawingu. Swichi za upande wa paneli zifunguliwe pia, siyo inveta peke yake, kwa sababu inveta ikisimama paneli bado zina volti zake zote na bado zinaweza kuvuja. Kisha ziwashwe, sehemu moja baada ya nyingine, kila moja kwa muda wake, huku saa za vifaa vyote zikiwa zimelinganishwa. Mstari ukiruka sekunde ileile sehemu fulani ilipowashwa, umepata sehemu yenye kosa, na mara nyingi utaweza kuifuata mpaka kwenye safu moja ya paneli. Usiporuka, mwombe radhi jirani yako na utafute kwingine. Dakika kumi na tano za saa sita mchana ni pesa kwa mwenye kituo, najua. Ndiyo maana ruhusa hiyo iandikwe kwenye mkataba mapema, pamoja na mara ngapi kwa mwaka, kabla watu hawajakasirikiana.

Kwa bomba la zamani lisilo na kinga, kama yalivyo mabomba mengi ya maji ya wilaya, hutatafuta hasi 850 kwa sababu halitakuwa nayo. Linganisha kituo kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa. Volti ya bomba ikisogea upande wa chanya kwa zaidi ya milivolti 20, ukiisha kuondoa volti inayopotelea kwenye udongo, hilo ni jambo la kushughulikia.

Bomba nalo hudhuru sola

Jambo hili husahaulika, na mwenye sola anastahili kuambiwa na jirani yake. Mashine ya kinga ya kathodi husukuma mkondo kwenye udongo kutoka kwenye kitalu cha anodi. Ukichomeka nguzo elfu za chuma zilizopakwa zinki, zote zikiwa zimeungana, karibu na kitalu hicho, mkondo utaziingia zile zilizo karibu na kutokea kwenye zile za mbali. Nguzo zilizotakiwa kuishi miaka 25 zitaanza kulegea mapema, na hakuna anayezitazama kwa kuwa kutu iko chini ya udongo. Wakati huohuo bomba litakosa kinga iliyopotelea kwa jirani. Mwenye bomba atoe ramani ya vitalu vyake vya anodi, na msanifu wa sola asisogeze nguzo karibu navyo kabla vipimo havijafanywa. Mara nyingine ni nafuu kwa pande zote kuhamisha kitalu kuliko kubadilisha mchoro wa shamba zima.

Pia hakikisheni hakuna chuma cha kituo kinachogusa bomba. Uzio wa waya uliochomelewa kwenye fremu za paneli, ukapita juu ya mkuza na kugusa bomba la valvu, unatosha kuunganisha mifumo miwili. Shaba ya athi na chuma cha bomba vikiungana ndani ya udongo wenye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa, hata kama kituo hakijazalisha wati moja.

Mnaposaini

Nimesoma mikataba ya kupita juu ya mikuza ambayo ina kurasa nyingi za fidia ya mazao na haina mstari hata mmoja wa umeme. Tathmini ya athari kwa mazingira na jamii itaje bomba kwa jina, kipenyo na umbali, isiseme tu kwamba kuna miundombinu jirani. Mkataba useme nani analipia vipimo vya kwanza, nani analipia vya kila mwaka, dalili gani inalazimisha kituo kuzimwa, na nani anatengeneza bomba endapo kosa litathibitika. Kebo zikatize bomba kwa pembe ya karibu nyuzi 90, zisitembee nalo. Karibu na bomba, mitaro ichimbwe kwa mkono, mwenye bomba akiwapo, na kovu lolote lizibwe siku hiyohiyo kabla udongo haujarudishwa. Hakuna umbali mmoja ninaoweza kuwapa wote. Udongo wa chumvi wa pwani hupitisha mkondo kwa urahisi zaidi kuliko mwamba mkavu wa Singida, na ndiyo maana upimaji wa udongo si hiari.

Mwananchi mwenye shamba naye ana sauti. Ukiona mawe ya mpaka ya mkuza yameng'olewa, nyasi zimekauka kwa mstari juu ya bomba, maji yanatiririka mahali pakavu au kuna harufu ya mafuta, mjulishe mwenyekiti wa kijiji na mwenye bomba siku hiyohiyo. Kwenye harufu ya gesi usipige simu ukiwa hapo, wala usiwashe pikipiki, bali ondoka kwa miguu kwanza. Wakazi wa Thange, kaunti ya Makueni nchini Kenya, wanajua uzito wa kuchelewa: mafuta yalipoonekana mtoni kwao mwaka 2015, walikosa maji na mashamba kwa muda mrefu baada ya bomba lenyewe kuzibwa.

Sola ndogo

Wengi wetu hatumiliki bomba la kilomita mia, lakini tuna kisima chenye pampu ya sola na bomba la chuma linalopandisha maji kwenye tangi. Mambo ni yaleyale kwa kipimo kidogo. Usitumie bomba la maji kama athi ya paneli. Chimbia nondo yake ya athi, iunganishe na athi kuu ya nyumba, na upate fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA kwa Kenya au EWURA kwa Tanzania. Kebo inayoshuka kisimani ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu husuguana na ukingo wa bomba kila pampu inapowaka, na ikichubuka, mkondo huingia kwenye maji na unaweza kula bomba la ndani na lile la kuzunguka kisima. Bomba la kupandisha maji likitoboka mara mbili mahali pamoja, usinunue la tatu kabla ya kupima kebo.

Mwite fundi mwenye mega, yaani kifaa cha kupima uvujaji wa kebo. Azime swichi ya paneli, achomoe kebo ya pampu kwenye kidhibiti ili kifaa hicho kisiungue, kisha apime kati ya kila waya wa kebo na bomba la chuma. Chini ya megaomu 1, pampu ivutwe juu na kebo ibadilishwe yote, bila kiungio cha utepe ndani ya maji. Ikiwa juu ya hapo, aandike namba na tarehe kwa rangi kwenye kifuniko cha kisima, ili atakayepima mwaka ujao awe na kitu cha kulinganisha.